HARUSI YA BERLIN, MOTO WA KISII

Leo tusome historia kidogo, maana historia hii ilifika hadi mlangoni petu.

Wazee wa Abagusii husema wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Bibi alitoka ukoo mwingine, na mara nyingi ni ukoo huo huo mliogombania ng'ombe. Mahari ilipunguza makali, lakini haikumaliza uhasama.

Wafalme wa Ulaya kaskazini walidhani wao wataweza. Christian wa 9, mfalme wa Denmark, alimwoza binti yake Alexandra kwa mrithi wa Uingereza mwaka 1863, na Dagmar kwa mrithi wa Urusi mwaka 1866. Watu wakamwita baba mkwe wa Ulaya. Malkia Victoria wa Uingereza naye alikuwa amemwoza binti yake mkubwa Ujerumani.

Sasa hesabu kama tunavyohesabu sisi. George wa 5 wa Uingereza na Nicholas wa 2 wa Urusi walizaliwa na dada wawili, Alexandra na Dagmar. Kwetu hao ni ndugu kabisa. Wilhelm wa 2 wa Ujerumani, mama yake alikuwa shangazi yake George. Mke wa Nicholas naye alikuwa mjukuu wa Victoria, kama George na Wilhelm.

Mei 1913 wote watatu walikutana Berlin, Wilhelm akimwoza binti yake wa pekee. Bwana harusi alikuwa mjukuu wa Christian. Mwaka uliofuata, vita vikinukia, Wilhelm na Nicholas walitumiana telegramu wakitia sahihi majina ya nyumbani, Willy na Nicky. Tarehe 1 Agosti 1914 Ujerumani ikatangaza vita dhidi ya Urusi. Tarehe 4 Uingereza ikaingia.

Septemba hiyo hiyo Wajerumani walivuka kutoka upande ambao leo ni Tanzania, wakaingia mji wa Kisii. Waingereza walipokuwa wameondoka, watu wetu walivamia ofisi, maduka na misheni za Nyanchwa na Nyabururu. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa kali: ng'ombe wakachukuliwa. Kisha vijana wakapelekwa kubeba mizigo ya jeshi, ile Kariakoo, na wengi hawakurudi. Mama wa Kisii aliyempoteza mwanawe hakujua Willy ni nani.

Na wale ndugu je? Mwaka 1917 Nicholas aliondolewa kitini. Serikali ya Uingereza ilikubali kumpokea, lakini George akahofia kiti chake mwenyewe, na mwaliko ukaondolewa. Julai 1918 Nicholas, mkewe na watoto wao 5 waliuawa. Novemba Wilhelm alikimbilia Uholanzi, akafia huko mwaka 1941.

Neno lilituonya mapema. Mfalme Yehoshafati alifanya ukwe na Ahabu (2 Nyakati 18:1). Ukwe huo nusura umwue vitani, na baada yake Athalia, mke wa mwanawe, akaangamiza uzao wa kifalme wa Yuda (2 Nyakati 22:10).

Mpendwa, harusi huwaleta watu meza moja, lakini haiondoi kilicho moyoni. Hapa Kisii na Nyamira tunavaa sare kwenye harusi, tunachangiana mazishi, halafu ndugu wawili wanapelekana kortini kwa kipande cha shamba. Desemba mliketi pamoja, mkapiga picha, lakini neno la mpaka hakuna aliyeligusa. Mkiliacha hivyo, watakaolipa ni watoto ambao hata hawajui ugomvi ulianzia wapi.

Soma Mathayo 5:23-24. Sadaka yako inaweza kungoja. Nenda kwa ndugu yako kwanza, mkiwa bado mnaitana kwa majina ya nyumbani.

Bwana, utupe ujasiri wa kuanza sisi. Ukikubaliana nami andika Amina, kisha upige hiyo simu kabla ya Jumapili.