Hesabu ya Washington
Mwaka 1996 Wayahudi zaidi ya 5,000 wa eneo la Washington walitoa damu ya kidoleni, ili Taasisi ya Taifa ya Saratani ipime jeni zao za BRCA1 na BRCA2. Awali zilihesabiwa familia zilizoandamwa na saratani tu, na mwanamke mwenye kasoro katika jeni hizo aliambiwa hatari ya saratani ya matiti hufikia asilimia 85. Matokeo ya 1997 yaliishusha hadi asilimia 56 afikapo miaka 70. Atasema mtu: zote ni kubwa, tofauti ya nini? Kwa anayeamua kukatwa matiti yangali mazima, tofauti hiyo ni nzito mno. Hata makadirio ya 2017, takriban asilimia 70 kufikia miaka 80, yalibadilika kulingana na historia ya familia.