Majina Yaliyofifia ya Mpakani Bunagana

Tarehe 14 Mei 1910, mjini Brussels, Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana juu ya mpaka wa Kivu na Ufumbiro. Jomba ikawa ya Kongo, Bufumbira ikaingia Uganda, na kusini ya mlima Sabinyo ikabaki kwa Wajerumani. Koo zilizokuwa zikioana tangu zamani zikagawanywa kati ya dola tatu. Bunagana, katika wilaya ya Rutshuru, imekaa juu ya mstari huo, na anayetafuta babu zake huko huanzia kanisani.

Sheria za Kanisa za 1917 ziliitaka kila parokia itunze vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na vifo, na kila mwaka ipeleke nakala kwa askofu. Nakala hizo zina thamani kubwa, kwani vita huweza kuangamiza vitabu vya parokia, katika eneo ambalo waasi wa M23 waliliteka 2012, kisha tena Juni 2022.

Kazi ngumu ni kusoma. Kilatini cha Mapadre Weupe, wamisionari walioandika vitabu hivyo, hakisumbui sana, kwani maneno ni yaleyale kila ukurasa. Mitego imo katika vifupisho: padri aliyefuata desturi ya kale akiandika "8bris" alimaanisha Oktoba, wala si Agosti. Umri wa mtu mzima aliyebatizwa mara nyingi ulikuwa wa kukisia tu.

Majina ndiyo yanayochosha. Kwa Wanyarwanda wa Bwisha, himo Rutshuru, mtoto hakurithi jina la baba. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Habimana, Hakizimana na Havugimana yote huanza na Ha- na kuishia -imana, na wino hupenda kufifia katikati. "Nyira-" mwanzoni humtambulisha mwanamke, msaada mdogo lakini wa kweli. Dawa bora iko pambizoni: tangu 1908 Kanisa liliagiza ndoa iandikwe kando ya ubatizo, hivyo jina moja huonekana kwa miandiko miwili. Kisha 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Yohana wa kitabuni akatoweka katika vitambulisho.

Usomaji huo unagusa hata uraia: sheria ya uraia ya Kongo ya 1981 ilidai ukoo uliokuwapo nchini tarehe 1 Agosti 1885; ile ya 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru, 1960. Mahali ambapo asili ya babu imegeuzwa hoja ya siasa, kujaza herufi kwa kubahatisha ni hatari kuliko kuacha pengo. Wapo wanaonakili kwa kutaka kumpendeza aliyewatuma; kazi yao naikataa.

Unayenakili, andika unachokiona, hata "Lutshuru" yenye L. Penye shaka weka alama ya kuuliza, andika namba ya ukurasa, na dhana yako iweke kando. Ukimaliza, iachie parokia nakala moja.