Mobutu: Kupanda Kwake na Kuanguka Kwake

Vijana wengi wa parokia zetu hawakumwona Mobutu akitawala. Humsikia kwa wazee tu: huyu anamsifu kwa utulivu alioleta, yule anamlaumu kwa njaa aliyoacha. Basi tutazame mambo yenyewe.

Alizaliwa Lisala mwaka 1930, akabatizwa Joseph-Désiré, akasoma kwa mapadri, kisha akaingia jeshini. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, Kongo iliona fujo na damu miaka mitano. Kwa hiyo alipotwaa serikali mwezi wa Novemba 1965, wengi walishangilia, hata Wakristu, maana walikuwa wamechoka.

Onyo lilikuja upesi. Wakati wa Pentekoste ya mwaka 1966, watu wanne waliokuwa mawaziri zamani walinyongwa Kinshasa mbele ya umati. Mwaka 1967 alianzisha chama cha MPR. Baadaye kila mwananchi alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na mwaka 1972 majina ya Kikristu yakakatazwa. Kardinali Malula alipinga. Akanyang'anywa nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika sikukuu za serikali. Sisi makatekista tuwaze jambo hili: mtoto anapewa jina la mtakatifu katika ubatizo, lakini shuleni haruhusiwi kuitwa kwa jina hilo!

Na watu? Walicheza na kuimba sifa zake, wengine kwa hofu, wengine kwa faida. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwaka 1973 alitwaa biashara za wageni, akawagawia wakubwa wake. Maduka mengi yakabaki matupu. Bei ya shaba ikaanguka. Mishahara ya walimu ikawa si kitu, naye alikuwa na majumba ya fahari huko Gbadolite.

Tarehe 24 Aprili 1990 alikubali vyama vingi, akatoa machozi mbele ya watu, lakini kiti hakukiacha. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristu wa Kinshasa waliandamana na rozari mikononi, wakiomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari wakawapiga risasi, wengi wakafa.

Mwaka 1996 vita iliingia Kivu. Humo Monsenyeri Munzihirwa, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliuawa. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu, tayari mgonjwa, alikimbia Kinshasa. Alikufa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba, akazikwa ugenini.

Ndugu, Mtume Paulo anatufundisha kutii wenye mamlaka. Tuwatii basi katika haki. Lakini sifa iliyo ya Mungu tusimpe mtu, hata akitupatia amani. Wazee wetu waliitoa bure mwaka 1965. Watoto wao waliilipa miaka thelathini na zaidi.