Ndoano mbili kwenye mshipi mmoja: fundo lipi linashika?

Wasikilizaji wetu wanaovua kambale na perege kwenye mto Mkondoa, Kilosa, wengi hutumia ndoano moja. Ukiongeza ya pili juu yake, unajaribu vyambo viwili katika vina tofauti. Lakini fundo likiteleza, samaki huondoka na ndoano yako. Mafundo mawili yanatosha.

Fundo la tawi

Anza kabla ya kufunga ndoano. Chukua uzi mkuu na kipande chembamba zaidi, cha nusu mita hivi. Vilaze sambamba, vipishane shibiri moja na nusu. Fanya kitanzi kimoja kwa nyuzi zote mbili, kisha pitisha ndani yake mara tatu ncha ya uzi mkuu pamoja na kipande chembamba chote. Lowesha kwa mate, vuta polepole.

Zitabaki ncha mbili. Inayoelekea juu ikate. Inayoelekea chini, ya uzi mkuu, iache sentimita 10 hadi 15: hilo ndilo tawi la ndoano ya juu. Likiwa refu, litajisokota kwenye mshipi.

Uzi wa chini huwa mwembamba kwa sababu ndoano ya chini ndiyo hunasa kwenye mizizi na magogo yaliyoletwa na mafuriko. Ukivuta, hukatika huo tu. Ya juu inabaki.

Fundo la ndoano

Pitisha uzi kwenye tundu la ndoano, zungusha ncha mara tano kwenye uzi wenyewe. Irudishe katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha, kaza. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika.

Ndoano isiyo na tundu, yenye kichwa bapa, haifai kwa fundo hili. Uzi wake huzungushiwa shingoni.

Vuta kila fundo kwa nguvu kabla ya kutupa. Fungia nyumbani, si ukingoni: anayeinamia fundo hamwoni mamba. Vipande vya nailoni virudishe nyumbani, kwani hunasa ndege na mifugo.

Kwa walio jirani na Mikumi: usiingie kuvua ndani ya Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kuhusu leseni kwingineko, muulize afisa uvuvi wa halmashauri yako.