Kigae cha kihambani na vyungu vya Magdalene Odundo

Ukilima kihamba, shamba la ukoo, huku Kirua Vunjo, Kilimanjaro, baada ya masika, mara jembe linagonga kitu chekundu kati ya mizizi ya migomba. Kigae. Mtoto hukirusha mferejini, mtu mzima hata hainami kukitazama. Nami nimevitupa vingi, na leo vinanisikitisha.

Kuna walioinama. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba Upareni, na baadaye Knut Odner akapita miteremko ya Kilimanjaro. Walikuta vigae vya mtindo unaoitwa Kwale, kwa jina la mahali ulipotambuliwa huko Kenya. Ni kazi ya wakulima na wafua chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Midomo ya vyungu hivyo imekatwa mshazari kwa ustadi, na mabegani mna michirizi iliyopangwa. Chungu cha kupikia kingeivisha chakula vilevile bila michirizi hiyo. Aliyeitia alitaka kipendeze, basi.

Hamu hiyo ndiyo inayonipeleka kwa mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea usanifu wa michoro ya biashara, na mwaka 1971 akaenda Uingereza. Huko ndiko udongo ulikomnasa. Lakini ufundi wenyewe alirudi kuutafuta Afrika. Mwaka 1974 alikwenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, akakaa na Ladi Kwali na wanawake wenzake waliofinyanga bila gurudumu. Ladi Kwali ndiye mama anayeonekana na chungu chake kwenye noti ya naira 20 ya Nigeria. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mfinyanzi.

Odundo hufinyanga hivyo hadi leo. Huinua ukuta wa chombo kwa mikono, kamba juu ya kamba ya udongo, akiukwangua na kuulainisha kwa kipande cha kibuyu. Hapaki rangi ya kung'aa ya viwandani. Huupaka udongo mwembamba kama uji, kisha huusugua kwa subira mpaka ung'ae wenyewe. Moto wa kwanza, wenye hewa ya kutosha, hutoa rangi ya chungwa iliyoiva. Akitaka cheusi, hukichoma tena, kikiwa kimefungiwa pamoja na maranda ya mbao. Moshi unaokosa pa kutokea huingia ndani ya udongo. Mara nyingine rangi zote mbili hubaki kwenye chombo kimoja.

Wanaovitazama vyombo vyake huuliza maumbo yake yametoka wapi. Yametoka makumbushoni, na yeye hafichi. Mdomo uliopanuka na shingo iliyorefuka hukumbusha vichwa vya wanawake wa Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo, na vinundu vidogo mgongoni huonekana kama pingili za uti. Mwaka 2019, katika maonyesho yake makubwa kwenye jumba la Hepworth Wakefield, alivipanga vyombo vyake kando ya vitu vya kale alivyovichagua mwenyewe, vikiwamo vya Misri na Ugiriki. Ilikuwa kama kuwataja waalimu wake hadharani. Mwaka uliofuata Uingereza ilimtunuku hadhi ya Dame.

Pwani yetu nayo ilijua, kwa njia nyingine, kwamba chombo kinaweza kuwa zaidi ya chombo. Kunduchi, Dar es Salaam, waashi walipachika bakuli za kauri za China kwenye nguzo za makaburi, chombo cha mezani kikawa pambo la jengo. Odundo amekwenda upande wa pili: chombo chake kinasimama peke yake kama jengo, nacho hakihitaji ukuta wa kukibeba.

Hakuna lililonigusa zaidi ya hili, kwamba msanii wa kimo chake alihitaji kuviona vyungu vya wazee kabla ya kufinyanga vyake. Alivikuta vimehifadhiwa. Kijana wa Kirua, Mwika au Marangu mwenye mikono kama yake atavikuta wapi, ikiwa tunavirusha mferejini?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapochimba msingi au shimo la mgomba na kukuta kigae chenye mistari, usikitupe. Kipige picha, kumbuka mahali ulipokikuta, kisha mwone afisa utamaduni wa halmashauri. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hata kikiwa kipande cha chungu cha bibi asiyejulikana jina.