Bisa Butler, fundi aliyemshona Wangari Maathai

Mwaka 2020 jarida la Time la Marekani liliwachagulia majalada wanawake 100 wa karne iliyopita. Jalada la 2001 likamwendea Profesa Wangari Maathai wetu. Picha ile haikupigwa kwa kamera wala haikuchorwa kwa rangi. Ilishonwa, kipande kwa kipande cha kitambaa. Aliyeishona ni Bisa Butler.

Butler alizaliwa New Jersey mwaka 1973. Babake ni Mghana, mamake Mmarekani mweusi. Kushona alijifunza kwa mamake na bibi yake, lakini Chuo Kikuu cha Howard alisomea uchoraji. Akafundisha sanaa shuleni kwa miaka zaidi ya 10. Akiwa anasomea shahada ya pili ndipo alipoirudia sindano: mwaka 2001 akawashona bibi na babu yake kutokana na picha yao ya harusi.

Kazi yake ni ya mfarishi: kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, kisha cherehani hupita tabaka zote. Huanza na picha ya zamani isiyo na rangi, mara nyingi ya watu weusi ambao majina yao hayakuandikwa. Huwakuza wakawa na kimo cha mtu hasa, na ngozi zao akazishona kwa buluu, zambarau na nyekundu. Vitenge huvichagua kwa maana, maana Afrika Magharibi kitenge huwa na jina lake, kama vile leso yetu ilivyo na neno lake. Kuanzia 2020 hadi 2021 kazi zake zilitundikwa katika jumba la Art Institute of Chicago.

Nikizitazama huingiwa na majuto. Marehemu bibi yangu, hapa Mji wa Kale, aliunga vipande vya leso kuukuu akatushonea shuka la viraka. Leso ya harusi yake ilikuwemo, na ya arubaini ya mamangu pia. Alipofariki tuliikata shuka ile tukapangusia sakafu. Hakuna aliyeipiga picha.

Tulidhani sanaa ni ile iliyotiwa fremu. Kama kwenu imesalia shuka, kofia au mto ulioshonwa na mkono wa mzee, muulize leo kila kipande kilitoka wapi, ukaandike na jina lake.