Huzuni Isiyofika Mathari

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi John Colin Carothers hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mzaliwa huyo wa Afrika Kusini alikuwa amelitumikia koloni tangu 1929 kama daktari wa kawaida, bila mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Alikaa Mathari hadi 1950, na majalada ya wodi zake ndiyo yaliyomjengea jina la mtafiti.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Aliyefikishwa huko kwa kawaida alikuwa amekwisha kuvuruga amani: amepiga watu, amechoma nyumba, au amezurura uchi barabarani. Polisi walimkamata, hakimu akatia sahihi, na lango likafungwa nyuma yake.

Sasa mfikirie mama aliyeacha kwenda shambani. Jiko lake limepoa. Amelala ameuelekea ukuta, akiitwa huitika baada ya kitambo, na mtoto akilia hainuki. Dada yake anakuja jioni na uji, anamlisha mdomoni kijiko kwa kijiko. Majirani wanasema ana mawazo, wengine wanasema karogwa. Mama huyo hajavunja sheria yoyote. Nani angempeleka Mathari?

Hakupelekwa, na kwa hiyo hakuhesabiwa. Carothers alipopiga hesabu ya wagonjwa wake akaona sonona ni nadra mno kwa Waafrika. Badala ya kuutilia shaka mlango walioingilia, aliwatilia shaka Waafrika wenyewe. Alidai Mwafrika hajui kubeba wajibu wa nafsi yake wala kujilaumu, kwa kuwa mila humbebea kila kitu, ndiyo maana huzuni haimzamishi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya fahamu ya sehemu ya mbele ya ubongo. Wodi chache za Nairobi zikawa ushahidi juu ya bara zima, na juu yake pakawa na muhuri wa shirika la dunia.

Madhara hayakuishia maktabani. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na serikali ikamwita Carothers aueleze uasi wa Mau Mau. Ripoti yake ilitoka mwaka 1954. Watu waliokuwa wakidai ardhi yao walielezwa kama watu waliochanganyikiwa kwa kung'olewa katika mila, na daktari akaunga mkono kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji vya kulazimishwa. Zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa humo. Sioni namna ya kulisamehe hili kwa kusema ndivyo ilivyokuwa enzi zile, kwa sababu katika enzi zilezile walikuwapo waliomjibu. Frantz Fanon, aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, alimpinga kwa jina.

Jibu la kitabibu lilitoka Nigeria. Mwaka huohuo wa 1954 Thomas Adeoye Lambo, kijana wa Abeokuta aliyesomea Uingereza, alianza kazi Aro, nje kidogo ya mji wake. Hakuwafungia wagonjwa. Aliwapangisha katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu wa kumpikia na kumtunza. Asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, jioni walirudi kwa wenyeji wao. Lambo alishirikiana pia na waganga wa jadi. Baadaye, pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliongoza utafiti uliowafuata Wayoruba vijijini na mjini, badala ya kusubiri waletwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963: dalili za sonona zilikuwapo tele, hata pale ambapo lugha haikuwa na neno moja la kuzijumlisha.

Huku kwetu ushahidi ulikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Walikuta sonona nyingi zaidi, na nzito zaidi, kuliko waliyoipata kwa wanawake wa kusini mwa London.

Lakini sheria ya Kenya iliendelea kumkabidhi mwenye huzuni kwa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuja kukitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025.